Kisu Kilichonyamaza

Inspekta alibisha hodi mpaka vifundo vya vidole vikaanza kumuuma. Kivuli cha mtu kilikuwa kinapita huku na huku nyuma ya pazia, kwa hiyo mwenyewe alikuwepo. Alibisha tena, akaita, akangoja. Mwishowe akazunguka na kusimama mbele ya dirisha, na hapo hapo pazia likavutwa, uso wa mzee ukachungulia kwa mshangao.

"Kumbe una muda hapo nje," mzee alisema alipofungua. "Siku hizi watu hambishi hodi. Mnasimama tu mlangoni kama nguzo."

"Shikamoo, Babu. Nimebisha."

"Marahaba. Basi umebisha kwa adabu mno. Ingia."

Mtaa mzima ulimwita Babu Mkunjo, kwa ajili ya visu vya kukunja alivyokusanya tangu ujana wake. Alikuwa fundi wa misumeno kwenye kiwanda cha mbao, na alipostaafu akaanzisha darasa la watoto kila Jumamosi katika chumba cha nyuma cha maktaba. Aliwafundisha kufungua kisu bila kujikata, kukinoa, kukitia mafuta, na kuchonga vijiti mpaka vikawa ndege na samaki. Sasa kisu alichokipenda kuliko vyote, Chiriku, kilikuwa kimeibwa na kingine kuwekwa mahali pake, na mkuu wa kituo alimkabidhi Inspekta shauri hilo huku akicheka. Inspekta hakucheka. Alipenda mashauri madogo, maana kwenye hayo watu hawajiandai kudanganya.

Babu alifungua sanduku la mbao alilolileta nyumbani kutoka maktaba jana yake, lenye droo nyembamba zilizotandikwa kitambaa cha kijani. Visu vilikuwa vimelala humo kwa mpangilio, vyote vimefungwa. Alimwonyesha cha mchungaji, kipana na chenye tundu la kamba kwenye mpini. Alimwonyesha cha mkulima wa matunda, bapa lake limepinda kidogo kwa ajili ya kupandikizia miche, na cha baharia kisicho na ncha, ili meli ikiyumba mtu asijichome. Inspekta, ambaye maisha yake yote visu alivijua kama vidhibiti vya mahakamani tu, alijikuta ameinama na kuuliza hiki na kile mpaka akasahau kuketi.

"Na huyu ndiye anayejifanya Chiriku." Babu alimpa kisu kidogo chenye mpini wa pembe ya kondoo. Alikishika upande mmoja, Inspekta akakishika upande wa pili, lakini mzee hakukiachia. Walibaki wamekishika wote wawili kama watoto wanaogombea ubao.

"Sema 'ninacho'," Babu alimwelekeza. "Darasani kwangu kisu hupokewa kikiwa kimefungwa, na anayetoa haachii mpaka anayepokea aseme 'ninacho'. Ndiyo maana hakuna mtoto aliyewahi kuondoka kwangu na bandeji."

"Ninacho."

Mzee aliendelea kumkazia macho mdomoni kwa muda, kisha akaachia.

"Kwa nini unasema anajifanya?"

"Kwanza rangi. Pembe ya Chiriku ni nyeusi inayong'aa, hii imepauka. Pili harufu. Mimi natia mafuta ya cherehani, huyu ananuka kama taa ya kibatari. Tatu, na hili ndilo kubwa, hasemi. Springi ya Chiriku ina mlio mmoja mwembamba wakati bapa linasimama, ndiyo maana watoto walimpa jina la ndege. Hebu mfungue."

Inspekta aliingiza ukucha kwenye mfereji wa bapa na kuvuta. Bapa likasimama kwa mlio mdogo, mkavu.

"Umeona?" Babu alisema kwa huzuni. "Kimya. Maiti."

Inspekta alikuwa amesikia kitu, lakini yeye si mtaalamu. Alidhani Chiriku halisi alikuwa na mlio wa kuamsha mtaa. Alikuwa anataka kuuliza zaidi pale birika lilipoanza kupiga filimbi jikoni. Lilipiga, likapiga, na mzee akaendelea kueleza jinsi babu yake mzaa baba alivyokipata kisu kile. Inspekta ndiye aliyeinuka akazima jiko.

"Limeshachemka?" Babu alimuuliza aliporudi. "Jiko hili lina moto siku hizi."

Juu ya rafu palikuwa na bisibisi ndefu, mpini wake umechakaa kwa kushikwa. Inspekta aliuliza ni ya nini.

"Hiyo ndiyo iliyonilisha. Pale kiwandani makelele yalikuwa hayana mfano. Beringi ikitaka kufa, huisikii kwa masikio, kila kitu kinanguruma. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye mashine na kitako kwenye mfupa, hapa nyuma ya sikio. Basi unaisikia peke yake, kama mtu anakunong'oneza." Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Inspekta, mimi sijamtaja mtoto yeyote. Ni mkutubi huyo. Anasema kesho jambo hili lisipojulikana, darasa analifunga moja kwa moja na binti mmoja wa darasa langu anayemshuku, jina lake linakwenda kwa mwalimu mkuu wa shule yake. Kisu nilikipenda, sikatai. Lakini wale watoto ndio wanaonifanya niamke asubuhi."

Inspekta alikifunga kile kisu kwenye leso yake na kuondoka nacho.

Mkutubi alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyezungumza kwa kunong'ona hata akiwa ofisini kwake na mlango umefungwa. Sanduku la visu, alisema, hukaa kwenye kabati la chumba cha nyuma, na ufunguo hukaa kwake. Jumatano mchana binti mmoja wa darasa lile aliuomba, akidai anakwenda kupanga vinoo. Mkutubi alipopita baadaye alimkuta peke yake, sanduku wazi, Chiriku mkononi na kitambaa kinachonuka mafuta ya taa.

"Alikuwa anaondoka nacho?"

"Alikuwa anakifuta. Aliponiona akakirudisha haraka. Mwizi hufuta alama za vidole, sivyo? Wewe ndiye unayejua zaidi."

"Mwizi anayefuta alama na kukiacha kisu ndani, huyo simjui bado," Inspekta alisema. "Huyu binti ni mtoto wa namna gani?"

Mkutubi aliangalia dari. "Kengele. Ndilo jina nililompa, na sasa wote wanamwita hivyo. Sijapata kuona mtoto mwenye kelele kama yule. Akiwa chumba cha nyuma, unamsikia mpaka kwenye rafu za magazeti: 'Babu, nimemaliza! Babu, nipe kinoo!' Na wenzake wameanza kumwiga. Nimewaonya, nimechoka. Mimi tangu mwanzo nilisema visu na watoto ni mambo mawili tofauti. Sikusikilizwa."

"Kuna mtu mwingine aliyekitaka kisu hiki?"

Alikuwepo. Muuza vitu vya kale wa barabara ya pili alikuja mwezi uliopita, akakipiga picha Chiriku kila upande na kumwomba mzee amuuzie.

Duka la huyo bwana lilikuwa limejaa saa zilizosimama na redio zilizokufa. Dirishani, kwenye sahani, palikuwa na kisu cha kukunja chenye mpini wa pembe nyeusi. Inspekta alikiona kabla hajasalimia.

"Hicho ni cha kiwandani, dada yangu," muuza duka alisema, akimfuata macho. "Mpini ni plastiki. Nakiweka pale kuvuta wateja. Shika uone."

Alikishika. Kilikuwa chepesi, bapa linacheza, na lilipofunguka lilitoa sauti ya kijiko kuanguka kwenye beseni. Inspekta akafungua leso yake na kuweka kile kingine juu ya meza. Muuza duka alivaa miwani, na kuanzia hapo aliacha kuongea. Alipitisha kidole gumba kwenye mfereji wa ukucha, akainamisha mpini kwenye mwanga, akafuata ufa mwembamba uliopita kati ya ribiti mbili. Kisha akachukua simu yake na kuiweka kando ya kisu. Kwenye picha aliyopiga mwezi uliopita palikuwa na ufa ule ule, wenye kona ile ile.

"Nani kakwambia hiki ni bandia?"

"Mwenyewe."

"Basi mwenyewe kachanganyikiwa. Wamekiosha tu. Mafuta yote yametoka, ndiyo maana pembe imepauka. Upake mafuta leo, kesho ni cheusi." Alikifungua, na mlio mwembamba ukapita katikati ya zile saa zilizosimama. "Na springi hii, sikia. Nani ataiga hiyo? Ningekuwa na uwezo wa kuiga hivyo ningekuwa nimeshafunga duka."

Inspekta alimwomba akifungue tena. Safari hii alisikiliza vizuri, na aliona hata haya kwamba asubuhi alikuwa amekisikia kisu kikisema na kuamini alipoambiwa kimenyamaza.

"Ulipomwomba akuuzie, mzee alijibuje?"

"Ah, yule. Alinifanya nirudie mara tatu nilichosema. Nilidhani ananidharau. Mwishowe nikamwandikia kwenye karatasi, akacheka, akasema chiriku hauzwi."

Nyumbani kwa Kengele mama yake alikuwa anapiga pasi nguo za watu. Alimkaribisha Inspekta kiti, akahamisha lundo la mashati, na alipoambiwa sababu ya ujio akaketi naye, pasi mkononi.

"Mwanangu? Mwanangu hawezi kuomba chumvi kwa jirani. Mwalimu wake ananiita kila muhula, anasema akiulizwa swali hasikiki. Hana sauti, mama. Humu ndani nikitaka kumsikia mpaka niinamie."

"Maktaba wanamwita Kengele."

"Nani?" Mama alicheka, kisha akaona mgeni hacheki. Akageuka kumwangalia binti yake.

Binti alikuwa amekaa kwenye kona ya kitanda, magoti yamebanana. Inspekta alivuta kiti mpaka karibu yake. Alikuwa ameshahoji majambazi wa kila aina, lakini aliona huyu atampa kazi zaidi.

"Jumatano ulikuwa na Chiriku."

"Ndiyo," binti alisema, kwa sauti ya mtu anayeongea chini ya shuka.

"Ulimwosha kwa mafuta ya taa."

Akaitikia kwa kichwa.

"Babu aliwafundisha mafuta ya cherehani, tone moja. Wewe ni mwanafunzi wake mzuri, nimeambiwa. Kwa nini umtoe mafuta?"

Mama akasema, "Mjibu mkubwa," lakini Inspekta akampa ishara amwache.

"Basi nikuulize jingine, dogo. Hapa unanong'ona. Shuleni unanong'ona. Kwa nini chumba kile kimoja tu ndiyo unapiga kelele?"

Binti aliinua uso. Alimtazama mama yake, akatazama mlango, na machozi yakatangulia maneno.

"Usimwambie," alinong'ona. "Akijua mkutubi, atafunga. Atasema mtu asiyesikia hawezi kukaa na watoto na visu. Ndiyo maana tunaongea kwa nguvu. Na hatukai nyuma yake. Na mtu akiwa na shida tunagonga meza, inatikisika, anageuka. Tumepanga sisi wenyewe. Babu mwenyewe hajui kwamba hasikii."

"Na Chiriku?"

"Jumamosi ile alimfungua mara nyingi. Akasema huyu vipi leo. Akasikitika sana. Wote tulimsikia Chiriku, yeye tu hakusikia. Nikafikiri mafuta ndiyo yanampunguzia sauti. Nikifuta yote atasema kwa nguvu, na Babu atamsikia." Alijifuta pua kwa mkono. "Sikujua rangi itaondoka."

Inspekta hakuandika chochote. Mwizi hakuwepo, na kitu kilichoibwa hakikuwa kisu. Lakini hilo lingemsaidia nani? Ukweli wa kumwokoa binti ulikuwa ule ule ambao ungefunga darasa.

"Ukinyamaza," alisema taratibu, "ataamini wewe ndiye uliyemwibia."

"Afadhali," binti alisema. "Afadhali aseme mimi mwizi."

Mama aliweka pasi chini, akamvuta mwanawe kifuani.

Jumamosi Inspekta alifika mapema akakaa pembeni. Watoto waliingia wakapanga viti nusu duara mbele ya mzee, na hakuna aliyeweka kiti nyuma yake. Mmoja alikwama na kinoo, akagonga meza kwa kiganja. Babu akageuka mara moja. Visu vilipita mkono kwa mkono, "ninacho, ninacho", kwa sauti za kupasua dari. Inspekta, ambaye ameshafanya kazi na vikosi vizima vya watu wazima, hakukumbuka kikosi kilichopangika namna ile.

Kengele alikaa mwisho wa mstari, kimya. Mkutubi alisimama mlangoni, mikono nyuma, akingoja kutoa tangazo lake.

"Nimemaliza upelelezi," Inspekta alisema, uso ameuelekeza kwa mzee. "Kabla sijasema, naomba kila mtu afumbe macho. Wewe pia, Babu. Na wewe, bwana mkutubi. Atakayesikia kisu kikifunguka ainue mkono."

Wote walifumba. Alimtoa Chiriku kwenye leso na kumfungua.

Hakuna mtoto aliyeinua mkono. Walikaa wamefumba macho kwa nguvu, mikono wameikalia, hata mdogo wao kabisa, wakimlinda mzee kwa uwongo mmoja mkubwa. Mkono mmoja tu uliinuka chumbani, nao ulikuwa wa mkutubi, ambaye hakuna aliyemwambia siri. Inspekta alimfungua Chiriku mara ya pili. Safari hii, pale mwisho wa mstari, Kengele akainua wake, polepole, huku machozi yanamtoka. Wenzake wakasikia anavyovuta kamasi, wakafungua jicho mojamoja, wakaona, nao wakainua.

"Fungueni macho," Inspekta alisema. Ilibidi amguse Babu begani.

Mzee aliona mikono juu. Akakiona kisu kilivyo wazi. Alitazama mikono tena, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika mlangoni kwa mkutubi, na hapo uso wake ukabadilika.

"Amesema?" aliuliza.

"Mara mbili," Inspekta alimjibu. "Ndiye yeye, Babu. Hakuna aliyebadilisha. Mtoto mmoja alimtoa mafuta ili umsikie vizuri."

"Tangu lini mnajua?" Alikuwa anawauliza watoto, na alikuwa na hasira, tena hasira ya kweli. "Mnakaa hapa, mnaniangalia, mnanifanya kichekesho?"

Mkutubi alikohoa. "Mnaona sasa," alianza, "kwa usalama wa watoto, mimi nadhani..."

"Bwana mkutubi," Inspekta alimkatiza, "ni mara ngapi umeleta bandeji chumba hiki?"

Mkutubi alifikiri, akatikisa kichwa. Alitazama viti vilivyopangwa nusu duara, kana kwamba anaviona kwa mara ya kwanza. "Kumbe ndiyo maana ya kelele zote zile," alisema, na kwa mara ya kwanza hakunong'ona.

Inspekta alipiga magoti mbele ya mzee ili midomo yake ionekane. "Babu, pale kiwandani masikio hayakufai kitu, na bado beringi ulizisikia. Ulifanyaje?"

Babu alimtazama. Kisha akakitazama kisu. Akakifunga, akakigeuza bapa likiwa mbali na uso, akaweka kitako cha mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Akaingiza ukucha, akavuta.

Alifumba macho. Akakifunga, akakifungua tena, na tena, na watoto wakaona kidevu chake kinacheza kama cha mtu anayetaka kulia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Yupo," alisema. "Yupo huyu. Anaongea yule yule."

Mkutubi alisema mzee atakwenda kwa daktari wa masikio Jumatatu, na kwamba mpaka hapo, na hata baada ya hapo, yeye mwenyewe atakuwa anakaa chumbani Jumamosi. Alivuta kiti, akakiweka nyuma ya Babu. Watoto wote wakagonga meza. Akainuka haraka akakihamishia mbele.

Babu alitia tone la mafuta ya cherehani kwenye springi na kumfunga Chiriku. Alimnyooshea Kengele.

"Mpake mpini wote," alisema. "Na usinipigie kelele, mjukuu wangu. Nishajua."

Binti alikishika upande wake. Mzee hakuachia, alingoja, macho yake kwenye midomo ya mtoto. Kengele akasema "ninacho" kwa sauti yake mwenyewe, ile ya nyumbani, ambayo hata Inspekta aliyekuwa karibu naye hakuisikia.

"Nimekuona," Babu alisema, akaachia.